Namna ya Kumbishania Zuchu Kikambala

Chagua mahali kwanza. Usiuanzishe ubishi juu ya mwimbaji Zuchu ndani ya matatu, hata kama makanga amefungulia spika mpaka vioo vinatetemeka. Kutoka Mtwapa hadi Majengo ya Kanamai ni mwendo mfupi. Utakuwa ndio kwanza unaingia kwenye hoja ya pili, na mwenzako keshagonga bati ateremke. Ukiteremka wewe kwanza, utaambiwa umekimbia. Mangweni nako si pake, isipokuwa mapema, mnazi ungali mtamu na watu wanasikilizana. Jua likishazama, mangweni kila mtu ni shabiki wa kila kitu.

Mahali panapofaa ni penye karai ya viazi, saa kumi na moja jioni. Mafuta yanachemka, unga wa manjano umekorogwa, ukwaju umeshatiwa pilipili, na watu wamesimama wanangoja. Pale utawakuta vijana wa bodaboda, akina mama waliotoka zamu kwenye hoteli za ufuoni, wanafunzi wenye sare, na bibi mmoja au wawili waliokuja kuwanunulia wajukuu. Ukibishana na wa rika lako peke yao mtakubaliana upesi, na hakuna atakayeondoka na kitu kipya. Marika matatu yakikutana penye karai moja, kila hoja itapata mtu wa kuipima.

Jambo hili nalichukulia kwa uzito, na nina sababu. Wimbo wa Kiswahili ukitoka leo, nani anaupokea? Kurasa za burudani zitatwambia msanii amevaa nini, amegombana na nani, amenunua gari gani. Redio itaupiga kutwa bila kusema neno juu yake. Mtu wa kukaa na wimbo akauliza sauti imefanya nini, maneno yamepangwa vipi, na msanii mwenyewe anaelekea wapi, ni wa kutafutwa kwa tochi. Kazi hiyo wameachiwa mashabiki. Uhakiki wa muziki wetu unafanyika penye karai, na ukifanyika vibaya pale, msanii hana pengine pa kusikia kweli.

Silaha ya kwanza utakayotolewa ni idadi ya watazamaji. Kijana atakuonyesha simu: "Sukari imetazamwa mara ngapi YouTube? Wa kwako ana ngapi?" Usimjibu kwa namba nyingine, maana mtakesha mkihesabu. "Sukari" ilitoka Januari 2021, na ni kweli ilienea mpaka ikawa haina mwenyewe. Kila harusi, kila duka, kila pikipiki. Namba zinathibitisha kwamba wimbo umefika. Umefika na nini, hazisemi. Kwa hiyo mjibu hivi: "Nimekubali ndugu yangu, umetazamwa. Sasa nambie ni wapi mle ndani wewe huurudisha nyuma usikilize tena." Akiwa na jibu, ubishi umeanza. Akiwa hana, mpe usiku mmoja akausikilize, arudi kesho.

Sharti linalofuata ndilo gumu kuliko yote: sikiliza wimbo mpaka mwisho. Wengi wanaomhukumu Zuchu wamesikia kile kipande cha TikTok tu, cha kuchezea. Kipande kile kilichaguliwa kwa ajili ya kiuno. Hakikuchaguliwa kwa sababu ndiyo sehemu aliyoimba vizuri zaidi, na mara nyingi siyo. Bando likiwa dogo, changeni. Wimbo wa dakika tatu hauwezi kuwashinda watu sita.

Kabla hujasema Zuchu anaelekea wapi, ujue ametoka wapi. Zuhura Othman Soud ni Mzanzibari, binti wa Khadija Kopa. Kila mtu Kikambala analijua hilo, lakini wengi hulitaja kama habari ya ukoo tu, kana kwamba taarab hurithiwa kama pua. Uzito wake uko kwingine. Khadija Kopa alipitia Culture Musical Club ya Zanzibar kabla ya kwenda Dar es Salaam kuimbia kundi la TOT, na miaka ya 1990 TOT na kundi la Muungano walikabana koo, Nasma Khamis akiwa jina kubwa la upande wa Muungano. Wimbo ulijibiwa kwa wimbo. Mashabiki waligawanyika, kila upande ukingoja kusikia mwenzake amepashwa nini. Mtoto aliyekulia katika nyumba kama hiyo amejua mapema kwamba neno lililopangwa vizuri ni riziki, na kwamba msikilizaji ni mkali.

Aprili 2020, WCB, lebo ya Diamond Platnumz, walipomtambulisha Zuchu, alikuja na EP ya nyimbo 7, I Am Zuchu. Humo alimwimbisha mama yake katika "Mauzauza", na akaimba na Mbosso katika "Ashua". Mtu akikwambia Zuchu ni zao la studio lililoibuka usiku mmoja, mwekee "Mauzauza" na umwombe asikilize namna mama na binti wanavyopokezana. Unaposikia sauti ya binti haijifichi nyuma ya ile ya mama, wala haijaribu kuishinda, unasikia malezi. Malezi ya namna hiyo hayapatikani studio.

Hapa inafaa nitoe somo dogo la uhakiki, na mwalimu wake hatoki chuo chochote. Nenda kwenye harusi ya taarab, Mtwapa au Takaungu, umwangalie mama anayejiandaa kutuza. Haendi mwimbaji anapoanza. Anakaa. Leso imefungwa kiunoni, noti imekunjwa katikati ya vidole viwili, macho yako kwa mwimbaji na masikio yako kwenye maneno. Unapofika ubeti unaomgusa, au unaomgusa mtu fulani aliyeketi safu ya mbele, anainuka. Anakwenda kwa mwendo wa ngoma, hana haraka, anaipunga noti juu, anamtupia jicho yule anayehusika, ndipo anaitoa. Wenzake wanapiga vigelegele kwa sababu wameelewa. Mama yule ametaja ubeti, ametoa hukumu na amelipia kwa fedha yake. Shabiki anayesema "ngoma kali" halafu akanyamaza ametuza kabla taarab haijaanza.

Kwa hiyo kila unapomsifu au kumlaumu Zuchu, taja pahali. Sema: hapa alipovuta sauti, hapa alipolikata neno, hapa alipotumia fumbo, hapa alipokosa la kusema akarudia kiitikio mara nyingi mno. Watu watakusikiliza hata kama hawakupendi.

Sasa utaingia penye moto. Atatokea mtu, aghalabu mwenye mvi mbili tatu, aseme: "Mtoto huyu alianza vizuri, sasa amepotea njia. Amapiano ya Afrika Kusini yatuhusu nini?" Usimcheke, wala usimwite wa zamani. Kama hujamwamkia, mwamkie. "Shikamoo, mzee" yako itakupa dakika tano za kusikilizwa. Kisha mpelekee Juma Bhalo.

Juma Bhalo alizaliwa Malindi mwaka 1942, akawa sauti ya taarab ya Mombasa, na sehemu kubwa ya nyimbo zake aliziimba kwa lahani za Kihindi, lahani zilizokuja na filamu. Maneno yalikuwa Kiswahili cha Mombasa, mengi yametungwa na Ahmad Nassir, malenga wa ukoo huohuo. Alistaafu 2007, akafariki 2014, na hadi leo kuna wazee katika ukanda huu wanaozijua nyimbo zake kwa moyo. Muulize mzee wako kwa upole: "Na Uhindi ulituhusu nini, mzee?" Atatabasamu, maana anajua umemshika. Lakini usisherehekee. Mwache aendelee, kwa sababu anachokuja kusema baada ya hapo kina maana kuliko ulichomwambia wewe. Atasema kwamba Bhalo alichukua lahani na akaitia shairi, kwa hiyo mwenye nyumba alibaki kuwa Kiswahili. Hiyo ni hoja ya kweli. Ishike, maana mtaihitaji.

Ukipenda, ongeza mwingine. Zuhura Swaleh wa Mombasa aliuingiza mdundo wa chakacha katika taarab, na taarab yake ikawa ya kuchezwa, si ya kukaliwa kitako peke yake. Halafu kuna Them Mushrooms, kundi la Teddy Kalanda Harrison na nduguze, lililoundwa 1972. Hawa ndio waliotoa "Jambo Bwana" mwaka 1982, na mwaka uliofuata Boney M wakaifanya yao. Ukipita hotelini ufuoni wakati wa chakula cha jioni, mwimbaji atakuwa anawaimbia wageni wimbo huohuo. Ni rahisi kuwahukumu Them Mushrooms kwa wimbo huo mmoja na kusema walikuwa bendi ya kuwapokea watalii. Ukisema hivyo utakuwa umesahau kwamba hao hao walipiga rege, walirekodi na Malika, mwimbaji wa taarab, na walimrudisha studio Fundi Konde, Mgiriama aliyezaliwa 1924, wakati wengi walikuwa wameshamsahau. Mwelekeo wa msanii hausomwi katika wimbo mmoja, hata ukiwa mkubwa namna gani. Ndivyo "Sukari" isivyotosha kumsoma Zuchu.

Pwani hii haijawahi kuimba bila kuazima. Kwa hiyo swali la amapiano limekuwa likiulizwa vibaya. Lile la ngoma imetoka wapi halitufikishi popote. La kuuliza ni kama Kiswahili kimepata nafasi ya kukaa juu yake.

Kwa swali hilo nina msimamo, na niko tayari kuutetea penye karai yoyote kutoka Mtwapa hadi Malindi. Zuchu huimba vizuri zaidi pale mdundo unapompa nafasi ya kusema. "Nyumba Ndogo" ya 2021 ni singeli, kasi yake si ya mchezo, na bado imemfaa sana, kwa sababu singeli yenyewe inaishi kwa ulimi. Na habari ya nyumba ndogo ni ya mipasho tangu hapo. Mama yake angeiimba bila kubadilisha kichwa. Amapiano imejengwa kwa ajili nyingine. Mdundo wake unajizungusha polepole, unamwachia mchezaji usiku mzima, na mwimbaji anaingia kwa vijineno, anatoka, anaingia tena. Mtu aliyelelewa kwenye ubeti anaombwa atupe maneno mawili kisha apishe. Kuna mara Zuchu analimudu hilo. Mara nyingi zaidi nasikia sauti kubwa kuliko kazi iliyopewa, na inaniuma, kwa sababu waimbaji wenye kupandisha na kushusha sauti vile hatuna wengi.

Utapingwa, na upingwe. Msichana aliyetoka zamu ya asubuhi hotelini, viatu mkononi, atakwambia: "Kaka, beti ndefu ni za mtu aliyekaa. Mimi nimesimama toka alfajiri, nikitoka nataka wimbo unibebe." Msikilize vizuri. Anakwambia wimbo una kazi nyingine zaidi ya kusema, na ana haki. Usimjibu kwamba hajui muziki. Muulize wimbo upi unambeba zaidi na kwa nini huo na si mwingine wa mdundo huohuo. Pengine atakutajia kitu katika sauti ya Zuchu ambacho wewe, kwa kushughulika na beti, hukukisikia.

Kuna ubishi mwingine utakaoletwa tu, utake usitake: ule wa Machi 2024, pale Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni la Zanzibar lilipomfungia Zuchu miezi 6 kwa sababu ya onyesho lake la Kendwa, alipoimba "Honey". Hapa watu huchanganya mambo matatu na kupiga kelele kwa mpigo mmoja. Yatenganishe. Kwanza, je, baraza lina haki ya kumfungia msanii? Pili, je, alichokifanya jukwaani kilikuwa na adabu? Tatu, je, wimbo ni mzuri? Mtu anaweza kujibu hapana, hapana, ndiyo, au ndiyo, ndiyo, hapana, na bado akawa mtu mwenye akili timamu. Asiyeweza kuyatenganisha anabishana na nafsi yake.

Sisi wa Kikambala tuna la kuchangia katika la pili, kwa sababu tunaishi na hoteli upande mmoja wa barabara na misikiti, makanisa na mashamba upande wa pili, na tunajua maana ya onyesho la ufuoni. Tunajua pia kwamba nyimbo za wanawake wa pwani hazikuwa baridi hata siku moja. Chakacha ilichezwa na wanawake kwa wanawake, mlango umefungwa, na yaliyosemwa mle yangemtoa jasho mwenyekiti wa baraza lolote. Yalisemwa kwa fumbo, na mbele ya walioruhusiwa kusikia. Jukwaa la leo halina mlango. Lina kamera. Ubishi wa maana basi ni huu: msanii aliyerithi fumbo afanye nini anapoimba mahali ambapo kila mtu anaona kila kitu? Mimi nadhani fumbo ndilo lingemlinda, na ndilo lingewasha wimbo zaidi. Bibi mnunuzi wa viazi huenda akakubaliana nami kabla ya vijana wa bodaboda.

Yapo mambo ya kukataza kabisa, na hapa uwe mkali. Mapenzi yake yasiingie. Nani anampenda nani, nani amemnunulia nini, nani amemwacha na kumrudia, hayo yana wenyewe, na yakishaingia penye karai muziki hauzungumzwi tena jioni hiyo. Katazeni pia ile kauli kwamba kila kizuri alichonacho ametungiwa na Diamond. Kauli hiyo husemwa kwa wepesi wa ajabu na watu wasioweza kutaja wimbo mmoja wa ushahidi. Lebo ina mkono wake katika kazi, hilo halikataliki. Midundo, video na tarehe za kutoa nyimbo ni mambo ya ofisi. Lakini anayempokonya mwanamke kazi yake na kumkabidhi mwanamume alete ushahidi mezani, na kama hana, anyamaze.

Na wanaume, punguzeni kidogo. Nimeona mara nyingi wanaume watatu wakigombania taarab ya Khadija Kopa mbele ya mama anayekaanga viazi, ambaye kanda za TOT alikuwa nazo nyumbani, na hakuna aliyemuuliza kitu. Anageuza viazi, anawasikia mnavyokosea, anatabasamu. Muulizeni. Mwiteni kwa heshima yake, khalati au mama fulani, na mmwachie amalize sentensi.

Ukishajua kumbishania Zuchu, kuna deni moja karibu zaidi. Nyota Ndogo, Mwanaisha Abdalla, ni wa pwani hii ya Kenya. Alikuwa mfanyakazi wa ndani kabla hajaingia studio ya Jikoni Records, na "Watu na Viatu" iliimbwa na nchi nzima. Mwimbaji huyu ametumia Kiswahili cha nyumbani kwetu, kile cha jikoni na kibarazani, bila kukipiga pasi. Ukimtaja leo penye karai, watu wataanza na mume wake wa Denmark. Wachache watakwambia sauti yake ilibadilika vipi kutoka nyimbo zake za mwanzo hadi za sasa, au kama mabadiliko hayo yamemjenga. Tunawafuatilia wasanii wa Dar es Salaam hatua kwa hatua, tunajua hata mtayarishaji wa mdundo, halafu wa kwetu tunawapa salamu za "longi taimu" tu. Msanii asiyebishaniwa hajui kama anasikilizwa. Mpe Nyota Ndogo ukali uleule unaompa Zuchu, na ubeti uleule wa kutaja, na uone kama hamtapata jioni nzima ya mazungumzo.

Mkishamaliza, au viazi vikiisha, msiache hukumu yenu iishie pale. Kesho yake, kipindi cha salamu kikianza Pwani FM au Bahari FM, mmoja wenu apige simu. Asiombe "ile mpya ya Zuchu". Aombe wimbo kwa jina, hata kama ni wa 2020, na mtangazaji akimuuliza unamwendea nani, ataje majina yote ya penye karai, kisha aongeze, kabla simu haijakatwa, ni ubeti wa ngapi wasikilizaji wautegee sikio.